Kifaru Kwenye Shamba la Uwele

Juzi kijana mmoja fundi simu pale Miyuji, mpole lakini mwenye maswali kama hakimu, aliniuliza ni chombo gani kilichonitoa jasho kuliko vyote tangu nianze ufundi redio. Najua alitegemea niseme televisheni ya rangi. Nilipomwambia ni kifaru, aliacha kazi yake akanitazama kwa huruma, vile watu wanavyomtazama mzee aliyeanza kuchanganya mambo. Hakuniudhi. Mambo yenyewe yalichanganyika kweli, na mpaka leo yapo ambayo sijayapanga vizuri kichwani.

Kwa hiyo nawaandikia na ninyi wenzake, mnaoinamia simu za watu kutwa nzima mkidhani kila kitu kina jibu kwenye mtandao. Ninaposema kifaru nina maana ya kile cha vita, chenye minyororo na mzinga, ila hiki kilikuwa cha kuchezea. Kilikuwa kikubwa kama buti la askari, na kiliendeshwa kwa rimoti yenye antena ya kuvuta. Alikileta kibandani kwangu, nyuma ya soko la Dodoma, mama mmoja wa Mvumi. Alikuwa amekifunga kwenye kitenge kama mtu anayepeleka mtoto kliniki.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Ninyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamwezi kujua. Sisi tulitoka kwenye miaka ambayo redio ya mtu ilikuwa moja, na fundi aliijua kama anavyojua mguu wake. Unaifungua, unakuta transista saba, kila moja ina namba yake, na hata ukipofuka unaweza kuitengeneza. Halafu mipaka ikafunguliwa. Zikaingia redio zenye taa za kuwakawaka, saa zinazosema, midoli inayolia, mitumba ya kila kitu. Ukifungua ndani unakuta kidude cheusi kimoja chenye miguu mingi na namba imekwanguliwa. Mara nyingine nilikuwa nafungua, natazama, nafunga, namwambia mteja aje kesho, si kwa sababu nina kazi nyingi bali kwa sababu sijui pa kuanzia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Abdi wa Kondoa. Alikuwa anagonga redio kwa kucha, anasikiliza, anakuambia kondensa gani imekauka. Kubwa alilonifundisha halikuhusu waya. Kuna redio moja ilirudi mara tatu. Mara tatu nilibadilisha transista ileile, mara tatu ikalia vizuri mezani kwangu, ikafika kwa mwenyewe ikanyamaza. Mzee Abdi akamwuliza mwenye redio swali moja tu: nyumbani inakaa wapi? Kumbe ilikuwa inakaa juu ya mtungi wa maji, eti ipoe. Unyevu uliingia kila usiku. Toka siku hiyo akaniambia, "Usishike bisibisi kabla hujajua chombo kinakaa wapi na jirani yake ni nani." Nikaitikia ndiyo, mzee. Vijana huitikia sana.

Turudi kwa mama. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mjane, anachechemea goti la kushoto. Walimwita Mama Sechelela, kwa jina la binti yake wa pekee aliyeolewa Tabora.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Nimeambiwa wewe unafufua."

"Inategemea kilichokufa, mama."

Akafungua kitenge. Kifaru kilikuwa kimeletwa na mdogo wake, utingo wa lori lililokuwa linapakia mahindi Kibaigwa na kuteremsha Dar es Salaam. Huko alikipata kwenye mitumba. Betri zilikuwa zimeozea ndani, mnyororo mmoja umekatika, na mota zote mbili zimeungua.

"Ni ya mjukuu?" nikamuuliza.

"Mjukuu yuko Tabora. Nataka kilinde ndege."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akanieleza bila haraka, kama anayemwelekeza mgeni njia. Uwele ukianza kukomaa, kwelea kwelea hushuka kama wingu. Siku zote yeye na marehemu mumewe walikuwa wakilinda. Mmoja anapanda juu ya dungu kupiga kelele na kurusha mabonge ya udongo, mwingine anakimbia huku na huko shambani. Sasa mume hayupo na goti halikimbii. Msimu uliopita ndege walikula karibu nusu ya shamba. Hakuwa na chakula kingine cha mwaka. Kwa hiyo alitaka akae juu ya dungu na rimoti, kifaru kikimbie badala yake.

Nawaambia ukweli, nililipenda lile wazo mpaka nikasahau kufikiri. Kwanza nilisafisha kutu ya betri kwa siki na mswaki. Mnyororo nikaushona kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Kwenye mota ndipo nilipojiaibisha. Nilitoa mota mbili kwenye redio kaseti mbovu, nikazifunga, nikabonyeza. Kifaru kikaenda mbele vizuri kabisa. Nikabonyeza kirudi nyuma, kikakataa. Kata kushoto, kikazunguka palepale kama mbuzi mwenye kizunguzungu. Siku mbili natafuta kosa kwenye saketi. Mnajua tatizo lilikuwa nini? Mota ya kaseti ina kidude ndani cha kulinganisha mwendo, na kile kidude kinakubali umeme upande mmoja tu, kwa sababu tangu lini mtu akacheza kanda kinyumenyume? Ikabidi nizipasue mota, nitoe vile vidude, niunganishe waya moja kwa moja. Mkikutana na jambo kama hilo msihangaike kama mimi.

Baada ya hapo nikaanza kukiboresha, na ole wake fundi anayeanza kuboresha. Vibetri vidogo nikavitoa, nikafunga sita vile vikubwa vya tochi. Nyuma nikakining'inizia kopo la maziwa lenye kokoto, likipiga kelele ndege wote wanaruka. Na antena. Antena yake ilikuwa kiwaya kifupi cha kuchekesha, na rimoti ilishika hatua ishirini tu. Sasa mimi ni fundi redio wa Dodoma. Maisha yangu yote redio nzuri ni ile inayoshika mbali, na dawa ya kushika mbali ni kuongeza waya. Nikakiwekea spoku ya baiskeli imesimama, juu yake nikaunga waya mrefu wa shaba uliojizungusha. Tukakijaribu uwanjani, kikashika kutoka upande huu mpaka ule, na soko zima likaacha kuuza likaja kutazama. Mama Sechelela akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nilimuuliza kama shamba lake lina mchanga au mfinyanzi, nikajiona nimeuliza ya kutosha.

Wiki tatu baadaye alirudi. Hakuwa na kifaru.

"Fundi, kile kitu kinatembea chenyewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka, na mimi nikaacha.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri, alisema. Ndege walikimbia shamba lake wakahamia ya jirani, na hapo jirani yake, Mzee Chiwanga, akaanza kununa. Halafu asubuhi moja kifaru kikiwa kimeegeshwa chini ya dungu, rimoti ikiwa nyumbani kwenye sanduku, kikaondoka peke yake. Kikavuka mpaka wa shamba kikaingia kwa Chiwanga, kopo linapiga kelele. Kesho yake tena. Na tena. Ila Jumapili hakikutembea. Hilo la Jumapili ndilo lililowamaliza watu. Wengine walisema ni roho ya marehemu mumewe, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisani, Jumapili inapumzika. Chiwanga alisema hapana, ni kitu kibaya, kinaogopa kengele ya kanisa.

"Wananiita mchawi," akasema. "Jumamosi balozi wetu wa nyumba kumi anakaa na watu. Wakikubaliana, nitahama. Nyumba, shamba, kaburi la mume wangu, vyote naacha. Uwele umebakiza wiki mbili kuvunwa."

Nilijisikia vibaya sana. Mikono iliyokifungua kile kitu na kukifunga ilikuwa yangu. Nikafunga kibanda, Jumamosi alfajiri nikapanda lori kwenda Mvumi, nikiwaza njia nzima, na kadiri nilivyowaza ndivyo nilivyozidi kupotea. Labda risasi ya kuungia waya imemwagika pasipotakiwa. Labda joto, kwa maana transista nyingine zikipata jua kali zinavuja umeme bila kuamriwa. Labda nimeunga waya kinyume. Kila labda nilipoigeuza ilikataa kueleza ile Jumapili. Jua linawaka Jumapili kama siku nyingine.

Watu walikuwa wamekusanyika nyumbani kwa balozi, mzee mfupi, mtaratibu, mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto. Kifaru kilikuwa katikati ya uwanja, hakuna aliyethubutu kukizima, kimefunikwa tenga, juu ya tenga jiwe, na juu ya jiwe amesimama jogoo asiyejua lolote. Nikasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakaitikia kwa baridi. Mama Sechelela alikuwa ameketi peke yake kwenye kigoda, watu wamemwachia nafasi pande zote.

Chiwanga akazungumza kwanza. Akasema hana ugomvi na mtu, ila hajawahi kuona chuma kinachochagua siku ya kutembea. Shemeji zake wawili wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Balozi akaniomba rimoti. Mama alikuwa ameniachia kibandani, nikaitoa kwenye mkoba, nikaifungua mbele yao, nikawaonyesha kuwa haina betri hata moja. Nilitaka kuwathibitishia kwamba bila hii kifaru hakiwezi kusogea. Nilikuwa nimefungua kinywa kusema hivyo hasa, ndipo tenga likatikisika.

Jogoo akaruka. Kopo likalia, likanyamaza, likalia tena. Tenga likasogea hatua nzima na jiwe lake. Watu walikimbia, na msinione shujaa, mimi pia nilijikuta nimesimama nyuma ya mlango wa nyumba ya balozi, rimoti tupu mkononi. Aliyebaki mahali pake ni mama peke yake, labda kwa sababu ya goti.

Kilipotulia, watu wakarudi mmoja mmoja. Balozi akanigeukia. "Fundi. Wewe ndiye uliyekitengeneza. Kinatembeaje bila mtu?"

Vijana, nisikilizeni hapa. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari mdomoni. Fundi hakosi maneno. Ningeweza kusema ni umeme uliobaki kwenye kondensa, na nani pale angenipinga? Lakini kama kesho yake kingetembea tena, umeme gani unabaki wiki nzima? Na uongo wangu ungemwangukia yeye. Halafu nilikuwa nimechoka kwa kuchanganyikiwa, nimekosa hata nguvu ya kupamba uongo.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Sijui, mzee. Nimekifungua na kukifunga mwenyewe, najua kila waya, na sijui kwa nini kinatembea."

Pakawa na minong'ono. Chiwanga akasema, "Mmesikia wenyewe." Mimi nikaona nimemwua yule mama kwa neno moja. Lakini balozi alivua kofia yake, akajikuna kichwa kwa muda mrefu, akaivaa.

"Nimesikia," akasema. "Kama fundi aliyekitengeneza hajui, huyu mama aliyekabidhiwa kikiwa kimefungwa atajuaje? Mpeni fundi nafasi. Kesho Jumapili, hakitembei. Jumatatu tutakaa tena."

Jumapili nilishinda shambani. Asubuhi nilikifungua kifaru chini ya dungu, nikapima kila kitu kwa mita, nikapasha transista kwa kijiko cha moto kuona kama zitavuja. Hazikuvuja. Huku napima, huku nasimama kufukuza ndege, maana walikuwa wamekuja kwa hasira ya siku zote walizokosa. Nimewahi kubeba zege ujanani na nawaambia kulinda uwele ni kazi ngumu kuliko zege. Mama alikaa juu ya dungu akipiga kelele kwa sauti ambayo sikutegemea kwa mwanamke wa umri wake. Kifaru hakikusogea hata kidogo. Usiku nililala kwa balozi nikiwa sijui zaidi ya nilivyojua Jumamosi.

Jumatatu asubuhi nilikifunga, nikakiacha chini ya dungu kimewashwa, mama akanipa dumu nikachote maji. Maji yalikuwa yanapatikana kambini kwa wachimba visima, waliokuwa wamepiga mahema yao ng'ambo ya korongo, mbali kidogo tu na shamba. Mama hakuwa amewahi kuniambia habari zao na mimi sikuwahi kuuliza. Nikafika, nikaona mlingoti mrefu wenye waya, na ndani ya hema kijana ameshika kikombe cha kuongelea cha redio ya upepo, ile ya kuongea mbali, anaita makao yao makuu mjini.

"Mnanipata? Mnanipata?"

Na ng'ambo ya korongo nikasikia kopo la maziwa. Akanyamaza, likanyamaza. Akaita tena, likalia tena. Niliangusha dumu.

"Ndugu yangu," nikamuuliza, "Jumapili huwa mnaongea?"

"Jumapili ofisini hakuna mtu, mzee. Tuongee na nani?"

Mimi sikuwa mzee wakati ule, lakini nadhani kwa siku zile tatu nilikuwa nimezeeka.

Mzee Abdi, nilipokuja kumsimulia, alicheka mpaka akafuta machozi. "Umempa kiziwi masikio ya punda, halafu unashangaa anasikia." Ndivyo ilivyokuwa. Kipokezi cha mdoli hakichagui. Chochote chenye nguvu kinachopita karibu na mawimbi yake, chenyewe hukichukua kuwa ni amri. Kile kiwaya kifupi nilichokicheka kiliwekwa na mtu aliyejua, kisikie karibu tu. Mimi nikakirefusha, nikakipeleka kikakae jirani na redio ya upepo.

Balozi alikuja na watu karibu wote wa Jumamosi. Nusu nikawaacha shambani na nusu nikavuka nao korongo. Kijana wa redio akahesabu moja, mbili, tatu, na kopo likajibu kila hesabu. Wakabadilishana pande, kila mtu ajionee. Mwisho balozi akaomba akishike kikombe mwenyewe. Akakibonyeza, akafikiri la kusema, akasema, "Mbukwa." Ng'ambo ya korongo kopo likalia na watu wakaangua kicheko. Chiwanga akasema yeye alijua tangu mwanzo kwamba ni mambo ya umeme. Nikarudi shambani nikaikata antena kwa koleo, kijana akaita tena, kifaru kikatulia.

Lipo jambo moja sijawahi kulielewa. Mama aliniambia kwamba kilitembea mara ya kwanza siku mbili kabla wachimbaji hawajasimamisha ule mlingoti. Nilimuuliza kijana wa redio, akaapa kwamba kabla ya hapo redio yao ilikuwa bado ndani ya sanduku. Labda mama alikosea siku. Labda kijana alikosea. Nimeligeuza miaka yote hii na sina la kuwaambia.

Jioni mama alinisindikiza mpaka barabarani kungoja lori, akichechemea, mimi nikijitahidi kwenda polepole bila kuonekana naenda polepole. Uwele wake ulikuwa umeliwa upande mmoja, lakini mwingi ulibaki, na shemeji mmoja wa Chiwanga alikuwa ameachwa juu ya dungu akipiga kelele kwa niaba yake. Aibu ilikuwa bado imenikaa. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Umeniita kama fundi, nimesimama mbele za watu nikasema sijui."

Akasimama kupumzisha goti.

"Siku ile, mwanangu, kila mtu pale uwanjani alikuwa anajua. Chiwanga anajua, shemeji zake wanajua, hata watoto wadogo wanajua. Mimi nilikuwa natafuta kwa macho mtu mmoja tu asiyejua."